Irudishe, Mwanangu

"Irudishe."

Shangazi hakulisema neno hilo kwa sauti. Alilisema chini chini, kama mama anayemwonya mwanawe mbele ya wageni. Kwenye shuka tuliyoitundika ukutani, Indu alikuwa na mkanda wa Dolly mkononi, ule mkanda wa kiunoni wenye vito, urithi wa ukoo wa mume. Dolly mwenyewe hajui kuwa umetoka mahali pake. Omkara hajui. Sisi tulioketi mikekani tunajua.

"Irudishe, mwanangu. Mlango u wazi. Irudishe tu uende zako."

Hakuna aliyecheka. Mikono iliyokuwa njiani kuelekea sinia ya viazi karai ilisimama. Kisha filamu ikaendelea, na Indu hakurudisha kitu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, wiki sita zilizopita. Tumeshaosha vyombo, tumeshafua shuka, projekta ya watu imesharudi kwa wenyewe. Lakini neno lile limekaa nami. Limenijia kwenye foleni ya feri ya Likoni. Limenijia nikiwa napiga pasi. Usiku mmoja limeniamsha.

Naliandika leo kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

## Ghorofa ya kwanza, Kibokoni

Wazo la usiku ule lilikuwa langu. Nyumbani kwetu filamu za Kihindi ni kama chai ya jioni. Mama na dada zake wamekulia Regal, Naaz na Majestic, enzi ambazo mtu alishonesha nguo kwa ajili ya kwenda sinema, na mpaka leo wanakifuata Kihindi cha kwenye filamu bila kuangalia maandishi ya chini. Nikawaambia safari hii nitawaonyesha moja ambayo ndani yake mna mchezo wa Shakespeare.

Nilichagua Omkara ya Vishal Bhardwaj, iliyotoka mwaka 2006. Ni Othello iliyong'olewa Venice na Cyprus ikapandwa Meerut, kaskazini mwa India, katikati ya wanasiasa na vijana wao wa kutumwa kazi chafu. Othello amekuwa Omkara, anayechezwa na Ajay Devgn. Desdemona ni Dolly, naye ni Kareena Kapoor. Iago ni Langda Tyagi, yule anayechechemea, na Saif Ali Khan hajawahi kunitisha kama alivyonitisha humo. Emilia, mke wa Iago, ni Indu, na aliyemcheza ni Konkona Sen Sharma. Bhardwaj alikuwa ameshaigeuza Macbeth kuwa Maqbool mwaka 2003, na mwaka 2014 akaigeuza Hamlet kuwa Haider. Nazipenda zote tatu. Hii ndiyo ninayoiogopa.

Kabla ya kuwasha, niliwasimulia kisa cha asili kwa maneno machache. Nikasema katika mchezo wenyewe si mkanda, ni leso. Mume anampa mkewe leso, leso inapotea, mke anauawa.

"Leso gani?" Shangazi akauliza. "Ya mkononi au ya kujifunga?"

## Leso gani

Nilimjibu haraka, "Ya mkononi," nikabonyeza kitufe. Lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu.

Kwetu kitambaa cha kufutia jasho ni leso, na nguo aliyojifunga Mama usiku ule ilikuwa leso vilevile. Neno tumelichukua kwa Wareno, ambao kitambaa cha mkono wanakiita lenço, na wazee wanasimulia kwamba nguo yenyewe ilianza kwa wanawake kununua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, kisha wakaviunga sita sita hata vikatosha mwili. Yaani leso ya Desdemona na leso ya mamangu ni ndugu wa damu.

Hapo nikaanza kuhesabu miaka. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na aliyeichora alikuwa Mtaliana aliyewatumikia Wareno, Giovanni Battista Cairati. Othello ilichezwa mbele ya mfalme wa Uingereza, London, tarehe 1 Novemba 1604. Baina yao ni miaka 11. Kisiwa chenye ngome, askari waliotoka ng'ambo, wake wanaosubiri jahazi, kitambaa chenye thamani kuliko pesa yake. Ukitoka nyumbani kwetu kwenda Fort Jesus ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nimesoma mchezo ule ukubwani mwangu kama habari za mbali, ilhali dunia yake ilikuwa imeshatia nanga hapa.

Mwaka 1693 Mwingereza mmoja, Thomas Rymer, aliukejeli mchezo huo. Aliuliza kwa nini usiitwe tu mkasa wa leso. Kwake ulikuwa upuuzi, watu wazima kuuana kwa ajili ya kitambaa. Nilisomeshwa habari zake chuo kikuu, na nakumbuka darasa zima tulimpa haki kidogo.

Wanawake waliokaa mikekani Kibokoni hawakumpa haki hata chembe. Wao wanajua leso inavyoweza kufanya kazi. Ina pindo, ina mji, ina jina, na jina likisomwa na jirani asiyekusudiwa, au na yule hasa aliyekusudiwa, watu waliosalimiana miaka 20 wanaacha kusalimiana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa namna kitambaa kinavyoua.

Bhardwaj aliona kitambaa hakitamtosha, akaweka mkanda. Dada yangu alimsifu kwa hilo. Alisema mkanda ule ni kama shanga zetu za kiunoni, na mambo ya kiuno yana wenyewe. Mume akiuona kwa mwanamke mwingine, hataambiwa umeokotwa sokoni. Ni hoja nzuri, na nilidhani imemaliza maneno.

"Leso ingetosha," Shangazi alisema.

## Waliosema mengi

Binamu yangu anafanya kazi bandarini. Tangu mwanzo alikuwa upande wa Langda, na hakuona haya. Omkara alipomchagua Kesu kuwa wa pili wake, Kesu yule kijana msomi anayeitwa Firangi, binamu alipiga sakafu kwa kiganja. "Mtu amekula jua nawe miaka yote, cheo kikija wampa wa juzi? Mimi siui mtu, lakini usingizi sipati." Wanaume wawili waliokuwa mlangoni wakaitikia kama wako msikitini. Nilimwelewa. Nilijua pia kwamba usiku ule hakuwa akizungumza habari za Meerut.

Ami yeye alishika suala la asili. Omkara ni mtoto wa baba wa tabaka la juu na mama wa tabaka la chini, na hata wanaomtegemea humkumbusha kuwa yeye ni nusu. "Huyu namjua," Ami akasema. "Huyu ni Yusuf bin Hassan." Akatusimulia, ingawa tunaijua, habari za yule mtoto wa sultani wa Mombasa aliyepelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akaozwa mke wa Kireno, akarudishwa hapa mwaka 1626 awe mfalme wao, na bado akawa anadharauliwa na manahodha wa ngome. Mwaka 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamchoma kisu nahodha. "Ukimkaribisha mtu sebuleni na kumsengenya jikoni," Ami alisema, "usimuulize siku atakayobadilika."

Nilitamani tukae hapo zaidi. Ila Bibi alikuwa na lake, na Bibi akisema filamu inasimamishwa.

Bibi hakumwona Langda wala mkanda. Bibi aliona radhi. Dolly alitoroka siku ya harusi aliyopangiwa na babake, akamfuata Omkara, na yule baba akamwambia Omkara maneno ambayo naandika maana yake tu: binti anayeweza kumhadaa babake hawezi kuwa wa mtu. "Si ndiyo laana ile?" Bibi akauliza. "Mwataka nini tena? Yamemalizwa pale pale."

Wasichana walimrukia. Wakasema baba gani huyo, wakasema hii si karne ya Mwana Kupona, wakasema mapenzi si kosa. Bibi hakusogea. Mama, aliyekuwa kimya usiku kucha, ndiye aliyekata: "Radhi ya baba ni baina ya mtoto na baba. Haimpi mume ruhusa ya kuua."

Nilimshangilia Mama. Bado namshangilia. Lakini niliporudi kwenye kitabu niligundua kuwa Bibi naye alikuwa ameona kitu. Neno la baba lipo kwa Shakespeare, na baadaye Iago hulirudia sikioni mwa Othello: kumbuka, alimhadaa babake alipoolewa nawe. Baba alitupa mbegu kwa uchungu wake, mwengine akaimwagilia maji kwa faida yake. Nimesoma mchezo huu mara nne na sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili. Bibi hajausoma hata mara moja.

## Kigelegele

Katika mchezo wa asili, Othello na Desdemona wameshaoana pazia linapofunguka. Bhardwaj ameisogeza harusi mpaka mwisho. Kwa hiyo Dolly anauawa usiku wa harusi yake, kwa mto, na mume anayelia.

Kulikuwa na binti mmoja pale kwetu aliyeposwa mwezi huo. Aliondoka akaenda kusimama roshani. Tulimwacha.

Halafu Indu anaingia. Anamkuta Dolly amelala bila uhai. Habari za mkanda zinatajwa, naye anaelewa, mbele ya macho yetu, mkanda ule umepitia mkononi mwa nani na umefika wapi. Anasema. Anasema yote. Kisha anatoka nje na kumkata mumewe shingo.

Wasichana walipiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele, kile kirefu cha harusini, na wengine wakamdaka.

Nami nilipiga makofi. Nataka liandikwe hilo. Nimekuwa nikiutetea mwisho wa filamu hii kwa miaka. Kwa Shakespeare ni Iago anayemchoma Emilia kwa kuwa amesema kweli, kisha Iago anabaki hai na kuapa hatatamka neno tena. Katika filamu ya mwaka 1995 aliyocheza Laurence Fishburne pia Iago hafi. Mimi nilikuwa nikisema Bhardwaj ndiye aliyempa yule mwanamke haki yake: hatimaye amefanya kitu. Usiku ule nilianza kulisema hilo, sauti ikiwa juu ya vigelegele.

Shangazi alikuwa ameanza kukusanya vikombe vya kahawa.

"Amechelewa," alisema.

"Lakini Shangazi, amemlipizia."

"Mkono ule ule ulikuwa na kazi nyepesi zaidi juzi. Ukashindwa."

Akaenda jikoni.

## Sijui, bibi

Wiki iliyofuata nilikitafuta kitabu changu cha chuo, kile kilichojaa kalamu nyekundu. Nilitaka kuthibitisha kuwa Shangazi amemwonea Emilia.

Kitendo cha tatu, onyesho la tatu: leso inaanguka, Emilia anaiokota. Anasema mumewe amemwomba mara mia aiibe, na kwamba hajui ataifanyia nini. Yeye anataka kumridhisha tu. Nilikuwa nimepigia mstari pale. Pembeni nimeandika neno "mtiifu".

Onyesho la nne: Desdemona anamuuliza, "Niliipoteza wapi ile leso, Emilia?"

"Sijui, bibi."

Hapo sikuwa nimepiga mstari. Pembeni hamna kitu.

Nililisoma jibu lile mara nyingi usiku huo. Kisha nikasoma kinachofuata, polepole, nikimtafuta Emilia yuko wapi. Othello anaingia. Anamtaka mkewe leso. Anamwambia ilitoka kwa mwanamke wa Misri aliyempa mamake, kwamba imefumwa kwa uganga, kwamba kuipoteza ni kujitafutia maangamizi. Desdemona anababaika. Othello anarudia, leso, leso, leso, mpaka anatoka kwa hasira. Na muda wote huo Emilia amesimama pale pale. Hajatoka. Kila neno analisikia. Kitambaa kinachomtetemesha yule mwanamume yeye ndiye aliyekiokota.

Na Othello anapotoka, neno la kwanza la Emilia ni swali: huyu mtu si mwenye wivu huyu?

Nimejaribu kumtetea. Alimwogopa mumewe. Alidhani hasira itapita. Labda saa ile ya kwanza ilikuwa aibu ndogo tu, ya kusema samahani bibi niliiokota mimi, na saa ya pili aibu ikawa imekua, na kesho yake ilikuwa imeshakuwa kubwa kuliko yeye. Baadaye Othello anamhoji kuhusu mwenendo wa mkewe, naye anaapa kwa nguvu zote kuwa Desdemona ni safi, yuko tayari kuweka roho yake rehani. Anamtetea kwa kiapo. Leso haitaji.

Nilifunga kitabu. Nilijua tayari kwa nini neno la Shangazi lilikuwa halitoki, na kwamba halikuhusu Indu peke yake.

## Nusu ya gora

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na shoga yangu. Alikuwa ameolewa miaka mitatu. Siku moja alinipigia simu akaniomba nimsindikize Nyali, kuna mahali ameitwa kuhojiwa kazi. Mumewe hakuwa ameambiwa. Alitaka akiipata ndipo amwambie, ije kama habari njema, isije kama ombi. Akaniapisha.

Wakati wa kurudi tulishuka mjini tukapita mtaa wa Biashara, kwa vile roho zilikuwa nyepesi. Tukaona gora la leso lenye pindo la korosho jekundu na mji wa rangi ya binzari. Jina lake: SIRI YA MTUNGI MUULIZE KATA. Tulicheka mpaka muuzaji naye akacheka bila kujua kwa nini. Kwa siku ile hakukuwa na jina jengine. Tukalinunua, akalikata katikati, kila mmoja akachukua lake.

Siku kadhaa baadaye mumewe aliikuta ile yake. Mwanamke hanunui nusu ya gora. Basi nusu ya pili anayo nani? Na siri ni ya nani?

Hakumuuliza mkewe. Alimwambia. Hiyo ndiyo tofauti ambayo niliichelewa kuielewa, hata kwa Othello: anadai leso tena na tena, lakini lile swali lenyewe analifikisha kitandani, akiwa ameshahukumu.

Aliyeuliza alikuwa wifi yake. Alikuja kwangu adhuhuri, akabisha hodi kwa adabu, akakataa kuingia. Aliitoa leso kwenye mkoba akaikunjua.

"Dada, hii waijua?"

Yangu ilikuwa nyuma ya mlango, kwenye kapu la nguo za kupigwa pasi. Hatua mbili. Ningenyoosha mkono tu, nikaziweka pamoja, pindo kwa pindo.

"Siijui," nikasema.

Nilikuwa na sababu zangu na wakati ule zilinitosha. Nilikuwa nimeapishwa. Nikisema leso ni yangu, swali la pili lingekuwa mlinunua siku gani, la tatu mlitoka wapi. Nilikuwa nimelelewa kwamba ya mke na mume hayaingiliwi. Nilipofunga mlango nilihisi kama nimemlinda mwenzangu.

Wiki ile ile alirudishwa kwao. Talaka ikafuata kabla ya Ramadhani.

Hakufa. Anaishi, na namshukuru Mungu kila ninapoiandika sentensi hii. Kwa miaka nimejiambia kwamba mume anayemhukumu mkewe kwa nusu ya kitambaa angemhukumu kwa jambo jengine tu, na kwamba ndoa ile ilikuwa na ufa kabla ya Biashara. Inawezekana ni kweli. Nimeipima sana hoja hiyo na siwezi kuiangusha. Lakini siwezi kulala juu yake pia. Maana mume angekuwa alivyokuwa, na bado mimi ningekuwa nimesema.

Nilichokifanya badala yake ni kumtetea kila mahali. Harusini, matangani, kwenye baraza za wanawake, yeyote aliyemtaja vibaya nilimkata kauli: yule ni mtu safi, mimi namjua. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walipoandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, nilitoka nami. Nilirudi nyumbani sauti imekauka. Sikuikumbuka leso siku ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilitembea jua kali nikidai wanawake waaminiwe, na kabatini mwangu palikuwa na kitambaa.

## Shangazi anachambua mchele

Wiki mbili zilizopita nilimwendea Shangazi. Alikuwa na ungo mapajani. Nilianza kwa kumuuliza jambo la kitoto: mbona alisema "irudishe"? Mkanda ungekuwa "urudishe".

Alifikiri, vidole vikiendelea kutupa chuya.

"Mimi mkanda sikuuona. Ulipotaja leso, basi nikawa naona leso tu mpaka mwisho."

Ndipo nikamweleza yote, ya Nyali na ya Biashara na ya nyuma ya mlango. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliupepeta ungo mara mbili tatu.

"Ungali nayo?"

"Ninayo."

"Hm."

Kisha, nilipokuwa nimeshasimama kuvaa buibui, akasema kama anayeuambia mchele: "Na mimi nilichelewa mara moja." Nilisubiri. Hakuongeza, nami sikumuuliza. Nimejutia kutomuuliza. Nitarudi.

## Malindi

Shoga yangu sasa anakaa Malindi. Ameolewa tena, ana watoto wawili. Tumekuwa tukisalimiana kwa simu, Idi kwa Idi. Juzi nilimpigia usiku, watoto wakiwa wamelala, nikamwambia kuna filamu nimeitazama. Nikamsimulia Indu na mkanda. Nikamsimulia na sisi.

Alinyamaza muda. Nilikuwa nikisikia feni ya nyumbani kwake.

"Nilijua," alisema. "Wifi aliniambia siku ile ile. Alisema umeiona na umesema huijui. Nikasema ameogopa, atakuja kuniambia mwenyewe. Nikangoja."

"Miaka tisa?"

"A-a. Kama miwili hivi. Kisha nikaacha."

Sikuwa na neno. Yeye ndiye aliyeuliza kama nusu yangu ipo. Nikamwambia ipo, sijawahi kuivaa tangu siku ile. Akasema yake aliichana winda za mtoto wa kwanza, ilikuwa imeshalainika vizuri.

"Niletee," akasema. "Huyu wangu wa kike ameanza kupenda kujitanda. Na uje na hiyo filamu."

Kesho asubuhi nitapanda gari la Malindi. Nimeitoa kabatini nikaipiga pasi. Pindo bado ni jekundu, lakini pale ilipokunjwa kwa miaka yote hiyo rangi imetoka, umebaki mstari mweupe uliopita katikati ya jina, baina ya MTUNGI na MUULIZE. Nimejaribu kuupiga pasi kwa mvuke. Hautoki.